Sentensi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa hatulii. Mara akae kitandani, mara asimame dirishani, mara aniombe nisimamishe cherehani nimuulize tena. Kesho asubuhi angehojiwa kwa simu, kwa Kiingereza, kuhusu kazi ya kutunza wazee ng'ambo. Akifaulu, anaondoka. Asipofaulu, tunabaki kama tulivyo: yeye, mimi na mama aliyepooza upande mmoja.

"Niulize ile ya look after," akasema.

Hiyo ilimsumbua wiki nzima. Look ni kutazama, after ni baada, lakini yakishikana, mwalimu wake alisema, maana yake ni kutunza: kulisha, kuogesha, kujali.

"Haya, toa mfano. Na uwe wa kweli, maana watakuchimba."

"I look after my mother."

Nikacheka, kicheko kibaya. "Wewe? Tangu lini? Wewe kweli ni tazama-baada. Unamtazama mama baada ya mimi kumwogesha, kumlisha na kumgeuza."

"Dada, si mfano tu!"

"Mfano wako umebebwa na mgongo wangu."

Nilijua nimemchoma, na wala sikujuta. Nilimwonea wivu, basi, nimesema.

Mama akagonga ukuta wa mbao kwa fimbo yake. Tukaenda wote. Nilipoinama kumgeuza, mdogo wangu akanisogeza kando.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha: mkono mmoja nyuma ya bega, mwingine kwenye nyonga, usimvute, mviringishe aje kwako. Akakosea, mama akaguna. Akarudia, na safari hii mama akalala ubavu vizuri, shuka bila kukunjamana.

"I look after my mother," akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

Mama hajui Kiingereza, lakini ule ukuta hauzuii kitu, na somo la wiki nzima alikuwa amelisikia lote. Mdomo wake ukahangaika kutafuta maneno.

"Na dada yako?" akamuuliza. "Ukienda... yeye atatunzwa na nani?"

Mimi nikarudi haraka kwenye cherehani. Nilikanyaga muda mrefu kabla sijaona kwamba chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.