Mahali pa Greda Kugeukia

Jumatano walijaribu kumteremsha Doña Eduvina akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, wanaume wawili wamekibeba, binti yake Delfina ametangulia mbele akimwaga majivu. Hatua ya kumi na moja, mbebaji wa nyuma akateleza. Kiti, mgonjwa na wabebaji wakashuka mteremko kwa pamoja na kwenda kugota kwenye uzio wa jirani yao Nilda. Doña Eduvina, mwenye miaka sabini na minne, aliinuliwa pale na kifundo cha mkono kimevimba, akasema kauli moja tu.

"Nirudisheni nyumbani. Kama ni kufa nitafia kitandani kwangu, si kwenye uzio wa watu."

Basi Jumatano hakwenda kusafishwa damu. Figo zake zilichoka miaka mitatu nyuma, na tangu hapo mashine ya hospitali ilimfanyia kazi hiyo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Alhamisi asubuhi macho yalikuwa yamevimba, miguu haiingii kwenye soksi za sufu. Delfina akapiga simu hospitali. Muuguzi hakumung'unya maneno.

"Kesho saa mbili asubuhi awe hapa. Akikosa na kesho, maji yatapanda mapafuni."

"Na ambulansi?"

"Ambulansi itakuja. Lakini inapanda pale tu greda ilipopita. Dereva naye ana watoto."

Mtaa wa Lenga ulikuwa na nyumba kumi na nne zilizopandana kuelekea mlimani. Theluji ilikuwa imeanguka siku tisa mfululizo, ikayeyuka mchana wa Jumanne, ikaganda usiku wake. Watu walikuwa wamefanya lao. Kila alfajiri koleo mkononi, kisha majivu ya jiko mbele ya mlango, na usiku mabomba huachwa yadondoke yasije yakapasuka. Kijia cha pembeni kilipitika kwa mwenye buti za misumari na magoti ya miaka ishirini. Lakini barabara yenyewe ilikuwa kioo. Greda ya mji ilifika kona ya chini, ikarundika theluji yake ukuta wa kufika kiunoni, ikageuka na kwenda zake. Nyumba kumi na nne zikabaki juu kama vyombo vilivyosahauliwa kabatini.

Delfina akapiga simu ofisi ya barabara.

"Mtaa wa Lenga?" karani akasema. "Umesafishwa. Hapa kwenye kompyuta unaonekana umesafishwa tangu Jumatatu."

"Mimi niko juu yake, bibi. Haujasafishwa."

"Kwenye mfumo umesafishwa."

"Basi uambie huo mfumo uje umbebe mama yangu."

Karani akakata simu. Delfina alivaa buti, akachukua koleo, akateremka kijia kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, akasimama katikati ya barabara pale kona ya chini. Greda ilipotokea hakusogea. Dereva, Walter Cárcamo, aliyesoma naye darasa moja, alifunga breki, akafungua mlango na kushusha skafu.

"Delfina, siku moja utanifanya muuaji!"

"Panda juu."

"Nipande halafu? Nitageukia wapi? Miaka yote nilikuwa nageukia pale juu mwisho, kwenye uwanja. Sasa pana kibanda cha Evaristo. Unataka nishuke kinyumenyume kwenye barafu ile, na tani kumi na tano? Nitakunywa chai sebuleni kwa Nilda bila kualikwa."

"Uliwaambia wakubwa zako?"

"Niliandika barua mbili. Barabara wakasema ni kazi ya watu wa ardhi. Watu wa ardhi wakasema kibanda kina magogo chini, hakijashika ardhi, kwa hiyo si jengo. Ni mzigo umeegeshwa."

"Na mzigo ulioegeshwa ni kazi ya nani?"

"Ya barabara," Walter akasema, na hakucheka. Kisha akainama kutoka kwenye kiti chake. "Mimi nahitaji mita kumi na mbili tu. Nikizipata, kesho saa moja napanda, na ambulansi nyuma yangu. Naapa kwa mama yangu."

"Usiape kwa mama yako. Wa kwangu ndiye anayevimba."

Alipanda tena kwa miguu minne, na kila hatua hasira ilimpanda pia. Ile habari ya magogo aliijua vizuri. Katika mji ule ardhi haikupatikana kwa karatasi, ilipatikana kwa kuwahi. Mtu alijenga nyumba yake ya mbao juu ya magogo mawili marefu yaliyochongwa ncha kama pua za mitumbwi, ili akifukuzwa aivute akaikalishe pengine. Mama yake mwenyewe alifika Lenga hivyo, na sufuria zikiwa zimening'inia jikoni. Kwa hiyo Januari, Evaristo Pacheco alipotaka kukalisha kibanda cha watalii kwenye uwanja wa juu, hakuna aliyeuliza swali. Mtaa mzima ulitoka kusukuma. Jioni Evaristo akachoma wanakondoo wawili. Kule kusini ya mbali Januari ni kiangazi, jua halizami mpaka saa nne usiku, watu wamevaa fulana, na ni nani katikati ya mbavu na divai atakumbuka kwamba greda nayo inahitaji mahali pa kugeukia?

Evaristo alimfungulia mlango akiwa na kibuyu cha chai ya yerba mkononi. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka juu, na yadi yake ilipakana na uwanja.

"Jirani! Ingia, funga mlango, baridi hiyo."

"Siingii. Ondoa kibanda, Don Evaristo. Leo."

"Leo?" Alinyonya mrija wa kibuyu kwanza. "Nitakiondoa Septemba, theluji ikiisha. Jumamosi napokea Wabrazili wanaokuja kuteleza kwa ski mlimani. Wameshathibitisha."

"Mama yangu hana Jumamosi. Ana kesho asubuhi, basi."

"Nasikitika, Delfina, kweli nasikitika. Lakini nikikisogeza kwenye baridi hii vioo vitapasuka, bomba la gesi litakatika. Na kusema kweli..." akamtazama pembeni, "Januari hukusema neno. Ulisukuma. Ulikula. Mbavu ulirudia mara mbili, nakumbuka, mimi ndiye niliyekupakulia."

Maneno yale yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini aibu yake ilikuwa jambo lake, angeishughulikia baadaye. Mapafu ya mama yake hayakuwa na baadaye.

"Nilikula, ndiyo," akasema. "Na nyama ilikuwa imeungua."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Don Segundo Mansilla, fundi seremala mzee aliyezaliwa Chiloé, kisiwa cha Chile, ambako ujana wake wote alivuta nyumba kwa maksai. Alimkuta akinoa msumeno.

"Don Segundo, kibanda kama kile kinaweza kuvutwa wakati wa theluji?"

Mzee akaweka msumeno chini. "Mwanangu, ni wakati gani mwingine? Januari mlikisukuma juu ya mawe kama wendawazimu, nikanyamaza kwa sababu ya nyama. Kitu chenye magogo huvutwa sasa. Unamwaga maji mbele ya magogo, unasubiri yagande, unavuta. Watu kumi, kamba mbili. Na asisimame mtu mbele ya magogo, wala upande wa mteremko, hata awe nani."

Delfina akaanza kugonga milango, kutoka juu kwenda chini. Hakuomba. Swali lake lilikuwa moja.

"Januari ulikula nyama ya Evaristo?"

"Nilikula. Kwani vipi?"

"Basi toka na glavu."

Nilda, ambaye uzio wake ulikuwa bado umelala tangu Jumatano, alijaribu kujitetea. "Mimi nilikula saladi tu!"

"Saladi ilikuwa ya nani?"

"Haya, haya, navaa buti. Ulimi gani huo, Delfina! Ungekuwa koleo, theluji yote ingekwisha."

Saa saba mchana walikuwa kumi na mmoja uwanjani. Magogo yalikuwa yameshikana na ardhi, ikabidi wayapige sululu na kuyanyanyua kwa jeki za magari, pembe moja baada ya nyingine. Don Segundo aliamua njia: si kuteremka, bali kukatisha uwanja sawasawa, hatua ishirini na tano, mpaka ndani ya yadi ya Evaristo mwenyewe, mbele ya dirisha lake kubwa linalotazama bahari. Nilda na wengine wakaleta ndoo za maji, wakayamwaga taratibu kwenye theluji iliyokanyagwa. Yaliganda huku wakitazama.

Evaristo alitoka mbio akiwa na makubazi ya ndani na koti halijafungwa.

"Mnafanya nini? Hiyo ni mali ya mtu! Naita polisi!"

"Waite," Nilda akasema akiwa na ndoo. "Wapande na nini?"

Watu wakacheka, na kicheko kilimuudhi Evaristo kuliko jeki. Akaenda kusimama mbele ya magogo, palepale penye barafu mbichi, akafungua mikono. "Vuteni sasa! Vuteni mnipitie juu!"

Kamba zikalegea. Don Segundo akatikisa kichwa, kwa maana hiyo ndiyo sheria yake. Delfina aliona mchana ukimponyoka. Saa kumi na moja giza lingekuwa limeingia. Alimfuata Evaristo, akateleza, akamshika kola ya koti asianguke, na hakuiachia.

"Sikupitii juu. Nifuate nyumbani. Mama amekaa, kulala hawezi tena, akilala anakosa pumzi. Nenda umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Mwambie Septemba. Mwambie Wabrazili wamethibitisha. Akikubali, nakunja kamba na nakuomba msamaha mbele ya watu wote hawa."

Evaristo akatazama nyumba ya Delfina. Akatazama watu kumi waliokuwa wamemtazama yeye.

"Twende. Mbona huendi? Ni hatua arobaini, majivu nimemwaga mimi."

Hakwenda. Aliinasua kola yake, akashuka kwenye barafu kwa kuyumba, akazunguka nyuma ya kibanda. Wakamsikia akitukana mtakatifu mmoja baada ya mwingine. Kisha wakasikia spana. Alikuwa amefunga gesi, analitenganisha bomba na kibanda.

"Kama mtavunja, vunjeni vioo!" akapiga kelele toka huko nyuma. "Lakini mtaa mzima msije mkaulipua kwa upumbavu wenu!"

"Asante, Don Evaristo," Delfina akajibu, na haikuwa asante ya upole.

"Pamoja!" Don Segundo akaita. Mara ya kwanza kibanda kililia tu. Mara ya pili kilitikisika, vijiko vikagonga ndani. Mara ya tatu magogo yakaingia kwenye barafu, na jengo zima likaondoka, na mapazia yake na kibao chake cha kukaribisha wageni, kwa wepesi uliowashtua wote. Wawili walianguka. Hakuna aliyeachia kamba. Kilisimama yadini kwa Evaristo kikiwa kimepinda kidogo, kimemziba bahari yote, kioo kimoja kimepasuka. Don Segundo akapima uwanja kwa hatua. Mita kumi na tatu na ushee.

Ijumaa saa moja, bado giza, greda ilipanda ikinguruma. Ikafika juu, ikageuka kwa mikupuo mitatu, ikashuka ikikwangua. Njiani ikarundika ukuta wa theluji mbele ya mlango wa Delfina.

"Walter! Mlango! Unanifungia mgonjwa ndani!"

Walter akarudi nyuma, akauondoa ukuta kwa ncha ya bapa la greda, akapiga honi kuomba radhi. Ambulansi ikafuata na matairi yake ya misumari.

Hospitalini walimpima uzito. Kilo nne na nusu za maji zilizidi. Muuguzi wa zamu, msichana aliyekuja karibuni kutoka kaskazini, aliandika tarakimu ile huku akivuta midomo.

"Señora, haya si ya kucheza. Siku ikikosekana ni uzembe wa familia. Kwa nini Jumatano hamkutoka mapema zaidi, kama mlijua kuna theluji?"

Delfina alivua glavu moja. Akavua na ya pili. Viganja vilikuwa vimechubuliwa na kamba. Alivuta pumzi, na maneno yote ya siku mbili yakapanda kwa pamoja: kompyuta, idara, Wabrazili, mbavu, kiti cha jikoni.

"Keti kitako, binti," akamwambia. "Nikueleze uzembe ni wa nani, na kalamu uishike hivyohivyo, nataka uandike."

"Delfina," Doña Eduvina akasema kutoka kitandani, kwa pumzi fupi, mkono wake umenyooshwa tayari kwa sindano. "Mwache kwanza mtoto wa watu aniunganishe. Halafu mkaripie. Nina masaa manne hapa, nataka kusikiliza."