Duka la Kufuli

Dada mtu alikuwa mwalimu wa kuandika programu za kompyuta, na Kitindamimba, mdogo wake, alikuwa mwanafunzi wake. Siku hiyo Mkuu wa chuo alikaa nyuma ya darasa, mikono kifuani, aamue kama darasa hilo liendelee au lifungwe. Alishasema wazi: "Watu wazima wanacheza michezo, halafu mnaita masomo?"

Na mchezo wenyewe ulikuwa mtamu kwelikweli. Kila mwanafunzi aliandika programu ya kulinda nyumba yake kwenye skrini, akanunua kufuli dukani kwa pointi zake, kisha wenzake wakajaribu kuivunja. Aliyeamini kila kitu ambacho mgeni aliandika mlangoni aliibiwa hadi mapazia. Dada aliutunga peke yake, na Kitindamimba alimwonea fahari kupita kiasi.

Kitindamimba akataka kufuli kumi. Kidole kikateleza, akaandika alama ya kutoa mbele ya kumi. Duka, badala ya kumkatalia, likamwongezea pointi, kana kwamba yeye ndiye aliyeliuzia kufuli. Akarudia, haamini macho yake, na nyumba yake ikaruka hadi kileleni mwa ubao wa matokeo.

Kosa lilikuwa la dada: duka halikukagua idadi. Akinyamaza, Mkuu hatajua. Lakini sheria ya kwanza ya darasa ilikuwa hii: ukiona tundu, sema.

Akanyoosha mkono. "Dada... samahani, mwalimu. Duka lako linavuja."

Mkuu akainuka. "Yaani anayefundisha usalama ndiye aliyeacha mlango wazi?"

"Nimeuacha, Mkuu," dada akajibu bila kujikosha. "Njoo utuonyeshe, mdogo wangu."

Programu ya duka ikawekwa ukutani. Wanafunzi, ambao juzijuzi tu walikuwa wakiiogopa kibodi, wakaanza kubishana. Kataa chini ya moja! Na mtu akiandika herufi je? Wakarekebisha wenyewe. Dada alishika chaki tu, akawaachia uwanja, na hakuwahi kupendeza kama siku ile.

Mkuu akaja mbele kujaribu. Duka likamjibu: "Usituchezee." Akaguna. Akaandika herufi, akagonga mwamba. Akavuta kiti.

"Sogea kidogo, mwalimu. Darasa halifungwi. Hebu kwanza nilivunje hili duka lenu."

Kengele ikalia, wala hakuisikia.

Kitindamimba akamsogelea dada yake, akaona chaki imesagika yote kiganjani mwake.

"Umenikasirikia?"

"Nikukasirikie?" Dada akacheka, machozi yakimlenga. "Mwanafunzi wangu kaniibia mchana kweupe, kisha kanyoosha mkono akasema. Nitake nini tena?"