Kumi na Nne, Kisha Tisini na Sita

Mama mmoja alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Miaka sita alimtania mkaza mwana wake: "Wenzako wanatibu watu, wewe unatibu vichupa." Mkaza mwana, mtaalamu wa maabara hospitalini, alicheka tu na kwenda zake kazini.

Asubuhi moja mama akapigwa na kiharusi akiwa anashona. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda. Alipolazwa, damu yake ilipimwa kiwango cha protini ambayo ini huimwaga katika damu mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi ndani. Ilisoma kumi na nne, juu kidogo ya kawaida. Si ajabu, ubongo ulioumia huipandisha kidogo.

Siku ya nne mama hakuwa na homa, na daktari aliandika aruhusiwe kesho yake. Mchana huo damu yake ilipimwa tena, na mashine ya maabara ikatoa tisini na sita. Kwa kuwa mgonjwa ni wa nyumbani kwake, mkaza mwana hakutaka kuamini macho yake peke yake. Alimwomba mwenzake arudie. Tisini na tano. Akapiga simu wodini.

"Kiharusi chenyewe hupandisha kipimo hicho," daktari alisema.

"Ni kweli, daktari. Lakini siku ya kwanza kilikuwa kumi na nne tu. Hapa kuna jambo jipya, huenda maambukizi; wagonjwa wa kiharusi hupaliwa. Naomba umwangalie kifua kabla hajatoka."

Daktari alikubali: "Haya. Apigwe picha."

Picha ilionyesha pafu la kulia limeanza kushambuliwa na nimonia: koo lilikuwa limelegea, na uji ulikuwa ukipotea njia na kuingia mapafuni. Dawa zikaanza saa ile ile, na muuguzi akawafundisha jamaa zake kumlisha akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo. Baada ya siku sita kipimo kikashuka hadi kumi na moja.

"Aliyegundua mapema si mimi, mama," daktari alisema alipopita wodini, akimwonyesha mkaza mwana kando ya kitanda. "Ni huyu wa maabara."

Maneno yalimtoka mama kwa taabu, lakini yalitoka. Aliwageukia wanawake wa vitanda vya jirani.

"Wa kiume nilimzaa. Huyu nilijaliwa. Mwanangu, waeleze ulivyojua."

Akawaeleza, amesimama wima ndani ya koti lake jeupe, bila haraka. Kila mara mmoja wao alipotaka kumkatiza, mama aliinua mkono wa kushoto: ngoja, amalize kwanza.