Dakika Kumi na Nne kutoka Weston

Zachariah hakuwa mtu mbaya. Tuanze na hilo, maana muda si mrefu msomaji atatamani kumzaba kofi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, fundi wa kompyuta, mpole kazini, na kila Jumapili alibaki kanisani kupanga viti bila kuombwa na mtu. Ila akiwa kwenye simu na rafiki yake Cliff, alipenda kujifanya mjanja wa mjini, na ujanja huo hakuuweza.

Jumamosi hiyo ya Mei alipanda treni ya uwanja wa ndege kituo cha Weston, akielekea katikati ya Toronto, mwendo wa dakika kumi na nne. Baridi ilikuwa imeachia, watu wametoa miguu yao myeupe nje kama vile wamefunguliwa jela, na chama chao cha vijana wa maofisini kutoka nchi mbalimbali kilikuwa na sherehe yake ya kila majira ya kuchipua. Meza kumi na mbili, lugha kumi na mbili, chai na keki katikati. Zachariah ndiye aliyepewa meza ya Kiswahili.

Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa meza. Kilikuwa Samina, wakili wa Richmond Hill, ambaye tangu Januari walikuwa wakitembea pamoja. Samina alikuwa amemwambia kwamba leo atakuja na bibi yake. "Nyumbani kwetu wazazi wanapiga kelele tu," alisema. "Anayeamua ni bibi. Yeye akikupenda, yamekwisha." Akaongeza kwamba kuna jambo lingine atamshangaza nalo. Zachariah hakuuliza ni lipi. Kusema kweli, hakuwahi kuuliza hata familia yao ilitoka wapi. Alimwona Mhindi, akaona ameshajua yote.

"Buda, leo ndiyo leo," alimwambia Cliff kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliye peke yake duniani. "Shosho yake akinikubali tu, nimetoka kwa baridi. Baba yake ana kampuni, unaniskia? Mapenzi yatajipanga yenyewe huko mbele."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Alimpenda Samina kiasi kwamba alihifadhi jumbe zake za sauti na kuzisikiliza upya akipiga pasi. Lakini Cliff alicheka, na Zachariah akichekewa huwa hajui kuacha.

"Hata saa hii nimekaa mbele ya shosho mwingine wa Kihindi," akaendelea. "Amebeba mfuko, ungedhani anahama. Behewa lote linanuka jikoni. Hawa watu walitunyonya kule nyumbani, sasa wametufuata hadi huku."

Mwanamke huyo mzee aliyekaa mbele yake alikuwa amejitanda shali ya kijani, mkono mmoja juu ya mfuko wake. Aligeuka kutoka dirishani akamtazama. Zachariah akamwinamia kichwa na kutabasamu kwa adabu zote, kisha akaendelea kumsema.

Ukumbini aliandika ubaoni maneno sita ya kuanzia. La kwanza lilikuwa "Shikamoo". Yeye mwenyewe, kama Wakenya wengi, aliijua zaidi vitabuni kuliko mdomoni, lakini aliieleza kwa mbwembwe: mdogo humwamkia mkubwa hivi, na mkubwa hujibu "Marahaba". Mjerumani mmoja mrefu aliandika yote kwenye daftari. Dada mmoja wa Brazili aliuliza, je, mkubwa akikataa kujibu? Zachariah akacheka, akasema hilo halijawahi kutokea.

Hapo ndipo Samina alipoingia. Zachariah aliutambua mfuko kwanza. Kisha ile shali.

"Huyu ndiye bibi yangu Zebunissa," Samina alisema kwa Kiingereza, uso umemng'aa. "Siku hizi anakaa kwa shangazi Shamshad, huko huko kwenu Weston, na hupenda kuja mjini kwa treni peke yake. Na mshangao wako ndio huu: amezaliwa Tanga! Kiswahili anakijua kuliko hata Kiingereza."

Zachariah alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na ubao wake. Alitafuta usoni mwa yule bibi dalili kwamba pengine kelele za treni zilimzuia kusikia, na hakuiona.

"Vizuri sana!" Mjerumani akapiga makofi. "Tuonyeshe ile ya wazee!"

Meza nzima ikangoja. Watu wa meza ya Kireno nao wakageuza shingo.

"Shikamoo, bibi," alisema Zachariah. Sauti ilimtoka nyembamba.

Zebunissa hakujibu. Alimtazama tu, bila hasira, jinsi mtu anavyotazama nguo dukani akiamua kuichukua au kuirudisha. Dada wa Brazili akaacha kutabasamu.

"Marahaba, mwanangu," bibi akasema hatimaye. "Za treni?"

"Njema," Zachariah akajibu, na watu wote wakashangilia.

Bibi akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na sinia ya vitumbua vilivyofunikwa kitambaa, na harufu ya iliki ikaenea juu ya meza. Ile ile ya kwenye behewa. Alikuwa ameamka alfajiri kuvikaanga kwa ajili ya meza ya kijana wa mjukuu wake. Kila mtu alichukua. Zachariah naye alipewa, kikubwa kuliko vyote, akakitafuna bila kuonja ladha yake.

"Watafsirie," bibi alimwambia. "Waambie nilizaliwa Tanga, na baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule mpaka macho yakamwisha. Waambie mume wangu Alimohamed alikuwa mtu wa Pangani, na hapa Kanada tulizungumza Kiswahili chumbani ili watoto wasielewe. Na waambie leo njiani nimesikia Kiswahili tena."

Zachariah alitafsiri Tanga. Alitafsiri cherehani na sare za shule, na neno "walitunyonya" likapita kichwani mwake likiwa na sauti yake mwenyewe. Alitafsiri chumbani, watu wakacheka kwa furaha. Ya mwisho akaimeza. Bibi, ambaye Kiingereza alikisikia vizuri, aliipangusa sukari vidoleni na hakumsahihisha.

Saa nzima ilipita hivyo. Bibi alifundisha meza kuhesabu hadi kumi, alimtania Mjerumani kuhusu urefu wake, akacheka mpaka shali ikamteleza. Kama angemfokea mbele za watu, Zachariah angepata nafuu. Lakini kila alipocheka, yeye alizidi kusinyaa.

Watu walipoanza kukunja viti, Samina alimvuta kando.

"Sijamwona hivi tangu babu afariki," alisema. "Amekupenda, Zach. Umemwambia nini?"

Angeweza kunyamaza. Bibi hakuwa amemchongea, na ilikuwa wazi kwamba hatamchongea. Lakini aliona macho ya Samina yanavyomtazama, akajua kwamba asiposema sasa ataoa juu ya uongo huu, na kila sikukuu atakula vitumbua vyake. Akasema. Neno kwa neno, mfuko, jikoni, kunyonya, kampuni ya baba. Kwa Kiingereza yalisikika mabaya zaidi, maana hapakuwa na kicheko cha Cliff cha kuyafunika.

Samina hakulia wala hakupaza sauti.

"Na yeye alisikia yote?"

"Yote."

"Akakupakulia chakula." Alifungua mkoba wake, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Nakwenda kuleta gari. Usinisubiri, Zach." Akatoka, na Zachariah hakuthubutu kumfuata.

Bibi alikuwa ameketi karibu na dirisha, mfuko mtupu mapajani. Zachariah alichuchumaa mbele yake, maana kukaa kwenye kiti aliona ni kujipa heshima asiyostahili.

"Bibi, nimekukosea. Sina cha kujitetea. Nisamehe."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia."

"Basi hilo umefanya." Alitikisa kichwa polepole. "Lile la kunyonya liliniuma. Baba yangu alikufa na cherehani moja."

Zachariah aliinamisha kichwa. Kisha akauliza lile lililomsumbua tangu mchana. "Mabehewa mengine yalikuwa na nafasi. Mbona hukuondoka? Mbona ulikaa pale nikikutukana mpaka mwisho?"

Zebunissa alikunja kile kitambaa cha vitumbua mara mbili, akakilaza juu ya mfuko.

"Nilisimama niondoke," alisema. "Hukuniona, ulikuwa unacheka. Kisha nikakaa tena. Alimohamed ana miaka sita kaburini. Watoto nikiwasemesha hunijibu Kiingereza. Nikajiambia, acha anitukane. Angalau nakisikia."

Nje honi ya gari la Samina ililia mara moja. Bibi akanyoosha mkono ili asaidiwe kusimama, na Zachariah akamshika. Alitafuta neno la kumwambia, lolote zuri, kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Kwenye treni maneno yalikuwa yamemjaa tele. Sasa hakupata hata moja, na bibi alikwenda naye taratibu, kichwa ameinamisha upande wake, akingoja kusikia.