Alama za Jerrel

Jumamosi asubuhi Verlene Batiste alikaa saluni, kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele, akawatazama wanawake wenzake wakionyeshana alama walizopata jana yake uwanjani.

Aliyeanza alikuwa Oneida Chenier, mwenye saluni. Aliweka kitana mezani, akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani. Alama yake ilikuwa pana kama kisahani cha kikombe, rangi ya bilinganya, na katikati ilipita mistari miwili iliyonyooka.

"Hiyo mistari ni vyuma vya helmeti," alisema. "Mnamkumbuka yule beki wao, yule bonge? Alipomvaa Jerrel begani nikasikia puh! hapa hapa. Nusura nimwage soda yangu."

"Na hakuanguka!"

"Aanguke wapi! Watu watatu wamemning'inia, naye anakwenda nao tu kama anawapeleka watoto shule."

Wakacheka, wakagongana mikono. Mmoja alionyesha goti. Mwingine alifungua vifungo viwili vya juu, akaonyesha alama ndogo chini ya mtulinga, halafu akafunga haraka ili watu waombe kuiona tena. Kisha mtu akageukia kwenye mashine.

"Na wewe, mama mtu? Yako iko wapi?"

Mashine ilikuwa inavuma. Verlene alijifanya hajasikia, ingawa alikuwa amesikia kila kitu tangu habari ya helmeti.

Jerrel alikuwa mwanawe. Aliichezea timu ya mpira wa Kimarekani ya sekondari ya Lacour, mji wa mashamba ya mpunga na kamba wa majini, ambako Ijumaa jioni maduka yote hufungwa mapema na mtu akitaka kufa husubiri mpaka mechi iishe. Kazi ya Jerrel ilikuwa kupewa mpira mkononi na kupenya nao kwenye ukuta wa watu, wakati ukuta huo nao umepewa kazi ya kumlaza chini. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa kukwepa. Jerrel hakukwepa. Aliinamisha kichwa akaingia, akatokea upande wa pili, na watu wa Lacour walisema hawajaona mtoto mgumu namna ile tangu uwanja ujengwe.

Tangu mechi ya pili ya msimu, mapigo aliyopigwa hayakubaki mwilini mwake. Yaliwatokea mashabiki. Akigongwa ubavuni, mtu jukwaani alishika ubavu, na asubuhi damu ilikuwa imevilia pale. Daktari wa timu alimkagua kila Jumamosi, akamkuta ngozi safi kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, akasema yuko tayari kwa mechi inayofuata. Padri Guillory alipata alama yake kwenye muundi, na Jumapili alinyanyua kanzu kidogo madhabahuni ili hata waliokaa nyuma waone. Alcide wa bucha alipata mbili kwa pigo moja. Tangu hapo aliuza soseji zake za wali akiwa amevaa fulana isiyo na mikono, hata siku za baridi.

Hakuna aliyeuliza jambo hili linawezekanaje. Walichouliza ni nani kapata na nani kakosa. Bila mtu yeyote kutangaza, ilieleweka kwamba alama huwaendea wanaompenda Jerrel, na kwamba mwenye kupenda zaidi hupata kubwa zaidi.

Verlene hakuwa na hata moja.

Kila Ijumaa akirudi nyumbani aliingia bafuni, akafunga mlango, akavua nguo zote. Alijitazama mbele kwa kioo cha ukutani, na nyuma kwa kioo kidogo cha mkononi. Alikuta kovu moja tu, lile la chini ya kitovu alipopasuliwa siku ya kumzaa Jerrel, na hilo halikuhesabika. Alilala akimfikiria Oneida. Oneida hakuwa na mtoto. Alichofanya ni kumnyoa Jerrel bure, kupaka namba yake kwa rangi kwenye kioo cha saluni na kubandika picha yake kifuani kama beji. Kwa hayo tu bega lake lilikuwa limejaa. Verlene alifua jezi, alipika, alizaa, na mikono yake ilikuwa mitupu.

Jumapili ile mumewe Clovis alipiga simu. Alikuwa baharini kwenye mtambo wa mafuta, zamu ya wiki mbili, na mechi aliisikiliza kwenye redio.

"Mke wangu, hutaamini. Nimepata! Mgongoni, upande wa kulia. Jamaa hapa wamepanga foleni kuiangalia."

"Hongera," alisema Verlene.

"Wewe umefikisha ngapi sasa?"

Verlene akasema mchuzi unaungua, akakata simu. Hakukuwa na kitu jikoni.

Kilichomwogopesha zaidi kilikuwa usiku wa wanaohitimu. Katika mechi ya mwisho ya nyumbani kila mchezaji wa mwaka wa mwisho huingia uwanjani amemshika mama yake mkono, jina linasomwa kwenye kipaza sauti, mama anapewa ua, na mji wote unamtazama. Verlene alikuwa amenunua gauni lake tangu Agosti, kabla alama hazijaanza. Lilikuwa la kijani, rangi ya shule, na halikuwa na mikono. Sasa lilining'inia kabatini, na kila alipofungua kabati aliona mikono yake miwili safi ikitembea mbele ya Oneida na ya Padri na ya Alcide.

Alijaribu kutengeneza yake. Alichanganya maji ya kiazi chekundu na unga wa mkaa, akajipaka juu ya kiwiko, akaenda nayo saluni. Oneida aliitazama, akalamba kidole gumba, akasugua mara moja. Kidole kikawa chekundu. Oneida akakifuta kwenye taulo na kuendelea kumsuka. Angecheka ingekuwa afadhali.

Jumatatu Verlene alipika maharage mekundu na wali, kama kila Jumatatu. Jerrel alikuwa chumbani, ametundika blanketi dirishani kwa sababu mwanga ulimuuma. Alikuja mezani akiwa amevaa kiatu kimoja.

"Leo siku gani, Mama?"

"Si unaona maharage? Jumatatu."

Alikula kidogo. Mbwa alipita, naye akamwita Biskuti. Biskuti alikuwa mbwa mwingine, aliyekufa Jerrel akiwa mtoto.

"Leo siku gani, Mama?"

"Jumatatu, Jerrel. Kula."

Verlene aliyaona haya yote. Lakini alikuwa anaitazama mikono ya mwanawe iliyoegemea mezani, laini, haina hata mkwaruzo, na alikuwa akiwaza jinsi kila kitu kilichotakiwa kuwa pale kilivyogawiwa kwa majirani.

Ijumaa ya kabla ya usiku wa wanaohitimu, Oneida aliacha benchi lake la siku zote jukwaani, akaja kukaa karibu na Verlene. Alimletea gumbo la moto, ule mchuzi mzito wa bamia, kwenye bakuli lililofunikwa kwa karatasi.

"Nikwambie kitu, usinikasirikie?"

"Sema."

"Unafumba macho, mwenzangu."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Mtoto akitaka kugongwa tu, macho fyu! Na midomo inakuchezacheza. Hivi huwa unasema nini?"

Verlene alimwambia. Aliyasema maneno yale tangu Jerrel akiwa na miaka tisa, helmeti ikimzidi kichwa. Alisema: lala chini, mwanangu, usiinuke. Alisema hivyo kila mara, na kila mara Jerrel aliinuka.

"Basi ndiyo maana," alisema Oneida, kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtu dawa ya nywele. "Wewe unamwomba alale. Sisi hatusemi hivyo. Sisi tunasema mpeni tena. Fungua macho, useme na sisi. Hakuna siri nyingine."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Hivyo tu. Sasa kula gumbo, linapoa."

Mechi ilianza. Jerrel alipewa mpira, na Verlene akashikilia benchi kwa mikono yote miwili, akaacha macho wazi. Aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yote ya kukaa jukwaani. Aliona shingo ya mwanawe ikirudi nyuma. Aliona mikono yake ikikakamaa mbele, vidole vimekunjika, kama mtoto mchanga anayeota. Kisha Jerrel aliinuka, taratibu, akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye benchi la wapinzani.

Jukwaa zima lilicheka kwa mapenzi.

"Anawafuata mpaka kwao!" alipiga kelele Alcide. "Jamani huyu mtoto! Bado hajashiba!"

Mwenzake alimshika jezi kwa nyuma, akamrudisha.

"Mpeni tena!" walianza upande wa kushoto, na upande wa kulia wakaitikia. "Mpeni tena! Mpeni tena!" Padri alikuwa amesimama juu ya benchi. Oneida alipiga mapaja, picha ya Jerrel ikirukaruka kifuani mwake. Akamgeukia Verlene, akamwangalia tu.

Verlene alifungua mdomo. Mara ya kwanza sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeomba chumvi kwenye meza ya wenyewe.

"Mpeni tena."

Mara ya pili ilitoka kubwa. Hakujua kwamba anayo sauti kubwa namna ile.

Wakampa. Jerrel aliinamisha kichwa akaingia ukutani, na Verlene akatazama mpaka mwisho. Pigo lilimfika juu ya mkono wa kushoto, zito na la joto, kama mtu aliyebisha hodi kwa ngumi na kuingia bila kungoja. Alipiga ukelele, na Oneida akajua. Oneida akamkumbatia, watu wa benchi la mbele wakageuka kumpa mkono, na habari ikapanda jukwaa mpaka juu kwa mtangazaji.

"Karibu, mwenzangu," alisema Oneida sikioni mwake. "Karibu sana." Lakini alipouona mkono ule chini ya taa, na kuona alama inavyopanuka, alivuta mkono wa blauzi yake chini.

Asubuhi alama yake ilikuwa kubwa kuliko zote za Lacour. Ilianzia begani ikaishia kwenye kiwiko, nyeusi katikati, zambarau pembeni, na mtu akiisogelea aliona alama za kamba za viatu. Verlene aliipaka mafuta ya nazi ili ing'ae. Clovis alipopiga simu, aliongea naye kwa saa nzima. Daktari alimkagua Jerrel, akakuta ngozi safi.

Usiku wa wanaohitimu ulikuwa na baridi, na Verlene alikataa koti. Jina lilisomwa. Aliingia uwanjani na gauni lake la kijani, amempa mwanawe mkono wa kushoto, na watu wa Lacour wakasimama. Walipiga makofi kwa ajili ya Jerrel kwanza, halafu walipouona mkono wakapiga kwa ajili yake. Alimtafuta Oneida kwa macho mpaka akampata. Oneida alikuwa anapiga makofi, lakini polepole.

Katikati ya uwanja walisimama. Msichana alimletea Verlene ua jeupe. Jerrel alishusha macho, akautazama mkono alioushika, akautazama kwa muda mrefu. Akaugusa kwa kidole.

"Mama," alisema. "Nani kakupiga?"

Makofi yalikuwa mengi. Verlene alitazama mbele.

"Tabasamu, mwanangu," alisema. "Wanapiga picha."

Jerrel akatabasamu kuelekea upande usiokuwa na mpiga picha. Verlene akamgeuza taratibu, kwa mkono ule ule wenye alama, mpaka akatazama panapotakiwa.