Mashine Imezimwa

Kijiji kizima kilimwita Bwana Taratibu, na kila nilipolisikia jina hilo nilitamani kutema mate.

Alisalimia kwa mikono miwili. Aliongea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Kila mkewe alipoleta mahindi kwenye mashine yangu ya kusaga, alimfuata kumbebea mfuko, na wanawake kwenye foleni wakamwonea gere. "Mwenzetu kapata mume, sisi tulipata mizigo." Mkewe alicheka nao. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji, ameteleza, alisema. Safari iliyopita pia aliteleza. Sijui ni sakafu gani inayomtelezesha mtu mmoja tu katika nyumba nzima.

Siku moja mkewe alikuja peke yake kuchukua pumba, akaniambia.

"Dada, anapenda kunitishia hapahapa kwako. Ananiinamia sikioni, ananitajia atakachonifanya tukifika nyumbani. Anajua injini inanguruma, hakuna wa kusikia. Halafu anakuja kukuaga kwa heshima."

Nilipandwa na hasira. Mashine hii ni yangu. Imenichoma, imeniziba sikio moja, imenisomeshea watoto, kumbe mtu kaifanya pazia lake!

Yule dada alikuwa ameshakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alimuuliza swali moja tu: "Shahidi wako nani?" Mama mkwe naye alimwambia asimchafulie mwanawe, mwanawe hajui hata kuchinja kuku.

"Bila shahidi nikiondoka, wanangu wanabaki kwake," akasema. "Nikipata mtu mmoja tu aliyesikia, dada, naondoka nao."

"Njoo siku yenye foleni," nikamwambia. "Na mama mkwe wako aje."

Walikuja Jumamosi asubuhi. Foleni ilikuwa imefika nje, na vumbi la unga limewatia mvi hata wasichana. Mama mkwe alikaa juu ya mfuko wake karibu na mlango. Bwana Taratibu alinipungia mkono kwa adabu, kisha akamwinamia mkewe kama anayetaka kumpokea mzigo kichwani. Niliona vidole vyake vikizama shingoni mwa yule dada. Niliona mdomo ukipanuka. Karibu na injini hata siri inasemwa kwa kupayuka.

Nikavuta kishikio cha kuzimia. Injini yangu ikizimwa haiagi mtu.

"...na leo sikupigi mkononi, mbwa wewe! Nakupiga pasipoonekana, tuone utamwonyesha mwenyekiti nini!"

Sauti iligonga bati ikarudi. Akageuka. Tabasamu lilikuja, ila lilichelewa.

"Jamani, tunataniana tu. Mtu na mkewe."

"Haya, wenye kucheka wacheke," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Lakini hapo niliwachukia wote. Walewale waliomwonea gere sasa walikuwa wanakagua kamba za mifuko yao. Mmoja akaninong'oneza, "Dada, washa basi, watoto wana njaa." Nilimtazama mpaka akainamisha uso.

Bwana Taratibu akanisogelea, akashusha sauti. "Wewe mwanamke, utanitambua."

"Sema kwa nguvu. Mashine imezimwa."

"Washa!" Alikuwa mama yake, pale mlangoni. "Washa, mwanangu. Mambo ya ndani ya watu hayasikilizwi na foleni."

"Siwashi, mama. Siwashi mpaka nijue nani kasikia."

Yule dada akautua mfuko wake. Unga wa shingoni mwake ulikuwa na alama za vidole. Akapita katikati ya watu mpaka kwa mama mkwe, akasimama mbele yake.

"Mama, umesikia?"

Bibi hakumtazama usoni. Aliitazama bandeji, akaitazama kwa muda mrefu, mpaka nikadhani atageuka aondoke na mahindi yake.

"Nimesikia," akasema. "Si mara ya kwanza kuyasikia. Ni maneno ya baba yake. Hata hakuyabadilisha."

"Mama!" Bwana Taratibu akafoka, na ile sauti ya kubembeleza haikuwepo tena.

"Nyamaza! Baba yako aliponiambia hayo, wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Nikajipa moyo kwamba umelala."

Akainuka kwa shida, akamshika mkwewe mkono ule usio na bandeji. "Twende kwa mwenyekiti. Tuwapitie watoto kwanza. Nitasema mimi."

Wakatoka. Wanawake wawili wakaacha mifuko yao wakawafuata, na wa tatu nyuma yao, yule wa watoto wenye njaa. Wengine walibaki wamenuna, wakanisonya, wakaniuliza kama unga wa leo nitawapikia mimi. Wanune tu.

Bwana Taratibu alitaka kuwakimbilia, lakini mlango ulikuwa umejaa watu, na safari hii hakuna aliyempisha. Akarudi kwangu akijipangusa unga mabegani. Uso ulikuwa umesharudi kwenye adabu zake.

"Dada yangu," akasema polepole, "washa mashine basi."

Sikuwasha. Nilimwacha asimame palepale kwenye kimya, asikie watu wakianza kumtaja.