Sindano ya Ijumaa

Kuna kicheko kimoja ambacho Fundi angependa kukirudisha kinywani kilikotoka, akimeze, asikisikie tena mpaka siku anaingia kaburini. Alikicheka Jumatano asubuhi, mlangoni mwa karakana yake ya makochi, siku ambayo shemeji yake alifika kazini taya limemkaza, hata salamu akaitoa puani.

"Leo Redio imeishiwa betri!" Fundi alisema, akacheka mpaka nyundo ikamponyoka.

Redio ndilo jina walilompa huyo shemeji, mume wa mdogo wake Fundi, na hakuna mtu aliyewahi kubisha kwamba linamfaa. Mtu yule alikuwa anaongea tangu kufuli linafunguliwa mpaka linafungwa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja, na kipindi chake kikubwa kilikuwa kile cha kuvua kochi kuukuu. Kabla hawajachana kitambaa, Redio alikuwa anazamisha mkono kwenye mfereji wa kiti, kule nyuma vitu vinakopotelea, macho ameyafumba.

"Hii ni taarifa ya habari kutoka ndani ya kochi," alikuwa anatangaza. "Kimepatikana kifuniko cha kalamu, vibanio viwili na jino la mtoto. Baba wa nyumba hii analala mchana. Mama anajua, ila ameamua kunyamaza."

"Redio, punguza sauti," Fundi alikuwa anamwambia.

"Kitufe kimeharibika, shemeji."

Alikuwa anaongea hata misumari ikiwa mdomoni. Maana fundi wa makochi hashiki misumari mkononi. Anaijaza mdomoni, kumi au kumi na tano, halafu anaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi huku mkono mmoja umevuta kitambaa na mwingine una nyundo. Baada ya siku ndefu taya linachoka na kuuma. Wenyewe waliuita ugonjwa huo taya la kazi, na dawa yake ilikuwa kusukutua maji ya chumvi na kulala mapema. Hilo taya la kazi ndilo lililowaponza.

Mwezi ule walikuwa na kazi ya zahanati: mabenchi sita ya kuwekewa sponji na ngozi mpya. Nesi mkuu aliwaletea vipimo mwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipoona mikono yao ilivyojaa makovu, akasahau habari za mabenchi.

"Nyinyi mlichanjwa pepopunda lini?"

"Utotoni huko, mama," alisema Fundi.

"Utotoni! Kinga ya utotoni inachakaa, baba, kama hili sponji mnalolitupa. Mtu mzima anarudia sindano kila baada ya miaka kumi. Ni moja tu, inakinga pepopunda na dondakoo kwa pamoja. Na kama huna hakika ulichanjwa, unaanza upya, sindano tatu."

"Inauma?" aliuliza Redio.

"Mkono unauma siku mbili, basi. Na mkijichoma na kitu kichafu msikae mkingoja, hata kama ni tundu dogo. Watu wanaogopa kutu, lakini vijidudu vyenyewe viko kwenye udongo na vinyesi, na vinapenda kidonda chembamba kilichozama ndani."

Fundi aliitikia ndiyo, ndiyo, huku anapima benchi kwa jicho. Kichwani mwake sindano zilikuwa mambo ya watoto na wajawazito. Redio ndiye aliyesikiliza. Ilikuwa ajabu, lakini mwongeaji yule alikuwa na masikio mazuri.

Jumatatu iliyofuata likaletwa kochi lililokuwa limekaa miaka mitatu kwenye banda la kuku. Fundi alisema waliache kwanza wamalize mabenchi. Redio akasema hawezi kuvumilia, lazima asikie habari za humo, akazamisha mkono. Akautoa haraka. Ncha ya springi ilikuwa imemwingia chini ya kidole gumba, na tundu lake dogo lilitoa tone moja la damu.

"Taarifa ya habari imekatizwa," alisema, akinyonya kidole. Halafu akawa mtu mwingine kabisa. "Shemeji, ngoja nifike zahanati mara moja. Yule mama alisema tusingoje."

"Kwa tundu hilo? Sindano yenyewe itatoboa kubwa zaidi."

"Kochi hili limetoka kwa kuku."

"Na mabenchi ni ya Ijumaa. Si tunakwenda huko huko kuyapeleka? Utachomwa huko huko."

Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Fundi hakufoka wala hakukunja uso. Alilisema huku anatafuta mkasi. Redio akatazama mlango, akatazama mabenchi, kisha akafanya walichozoea kufanya wote wawili: akadondoshea kidole gundi ya mbao ili tundu lizibe, akarudi kazini.

Ijumaa walipeleka mabenchi. Kidole kilikuwa kimekauka, hakivimbi, hakiumi. Nesi mkuu alikuwa mkutanoni, na mabenchi hata kabla hayajatulia yakajaa akina mama na watoto mapajani. Redio akasimama karibu na mlango wa chumba cha sindano.

"Unapanga foleni na wajawazito?" Fundi alimwuliza kwa sauti. "Wewe mwenzetu una miezi mingapi?"

Akina mama wakacheka, na Redio akacheka kuliko wote. Kisha akatoka nje mbele ya Fundi, mikono mfukoni.

Kwa hiyo Jumatano iliyofuata, siku ile ya taya, Fundi alipomaliza kucheka, hakuwa na wasiwasi wowote. Alimwambia apumzishe mdomo, asishike misumari siku mbili. Alhamisi Redio alikunywa chai ikamtoka pembeni ya mdomo, na shingo ikawa haigeuki. "Umelala vibaya," Fundi alimwambia. Ijumaa mchana ubao ulianguka sakafuni kwa kishindo, na mgongo wa Redio ukapinda kama upinde, akaanguka pale pale. Midomo ilikuwa imevutika kama ya mtu anayecheka, na machozi yanamtiririka. Hapo ndipo Fundi aliposhtuka, na alikuwa amechelewa siku kumi na moja.

Hospitali kubwa walimlaza kwenye chumba kilichozibwa dirisha kwa blanketi. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa KIMYA. Mlango ukigongwa, kijiko kikidondoka, mwili mzima ulikuwa unamkaza upya, kwa hiyo waliompitia walivua viatu. Daktari alimvuta Fundi kando, ukumbini.

"Kidonda kilikuwa cha lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Ni pepopunda. Tumempa dawa ya kuzuia sumu yake, lakini ile iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu hatuwezi kuitoa. Tutamsaidia kupumua, tungoje." Akavua miwani, akaifuta. "Angekuja siku ile ile tungemwosha kidonda, tukamchoma, akarudi kazini siku hiyo hiyo."

Fundi aliketi peku kando ya kile kitanda siku sita. Miaka kumi na moja alikuwa amemwambia mtu huyu apunguze sauti, na sasa sauti ilikuwa imezimwa. Alikuwa tayari kusikia habari zozote, hata zile za jino la mtoto alizozisikia mara ishirini. Siku ya sita, saa tisa alasiri, mashine ya kupumulia ilianza kulia na hakuna aliyehangaika tena kuinyamazisha.

Baada ya mazishi Fundi alikwenda zahanati mwenyewe. Nesi mkuu hakumsema, na Fundi aliona afadhali angemsema. Alimchoma, akamwandikia kadi: ya pili baada ya wiki nne, ya tatu miezi sita baada ya hiyo, halafu kila miaka kumi. Fundi alipanga foleni na akina mama, kwenye benchi ambalo misumari yake ilitoka mdomoni mwa Redio, na safari hii hakuna aliyecheka.

Siku aliyotoka kuchomwa ya pili, bega linamuuma, alimkuta dada yake karakanani. Alikuwa amekuja kuchukua vitu vya mumewe: aproni, nyundo, na kopo la vitu alivyookota ndani ya makochi. Lile kochi la banda la kuku lilikuwa bado pembeni, limefunikwa turubai.

"Umetoka wapi, kaka?"

"Zahanati. Chanjo. Na wewe uende, na watoto uwaangalie kadi zao."

"Nitakwenda." Akaketi juu ya rundo la sponji, kopo mapajani. "Wewe ulikuwa na akili tangu mwanzo. Ungesikilizwa wewe, tusingekuwa hapa."

Fundi hakuelewa. "Nisikilizwe nini?"

"Si ulimwambia aende siku ile ile? Alinieleza jioni, nilipoona kidole. Nikamwuliza, umekwenda kuchomwa? Akasema, kaka yako kanihimiza mpaka kachoka, mimi ndiye mvivu."

Mtu ambaye hakuwahi kutunza siri hata ya jirani, aliyeutangazia mtaa mzima siku Fundi alipokata kitambaa cha mteja kinyume, alikuwa amerudi nyumbani na jambo moja la kusema, akalimeza. Hakutaka mke wake agombane na kaka yake.

Angeweza kunyamaza. Marehemu alikuwa amekwisha kumpangia kila kitu, hata maneno.

"Alikudanganya," alisema Fundi. "Alitaka kwenda, mimi nikamzuia kwa sababu ya mabenchi. Na Ijumaa alisimama mlangoni pa sindano, nikamtania mbele za watu, akaondoka. Uvivu hakuwa nao. Nisamehe, mdogo wangu."

Dada yake alilitazama lile kopo, akigeuza kifuniko chake huku na huku.

"Nilimnunia, kaka," alisema. "Kwa huo uvivu. Kuanzia Jumatatu ile nilimnunia wiki nzima, nilikuwa simjibu. Anaongea, anaongea, anasimulia mambo ya makochi ili nicheke, na mimi kimya. Mpaka asubuhi alipoamka hawezi kufungua kinywa."

Akainuka, akakumbatia aproni na kopo, akatoka bila kuaga. Nyundo aliiacha mezani.